AFYA YETU: Damu Ni Shahidi wa Sindano

Ndugu msomaji, mwezi huu tunaanza na swali. Mtu akichomwa sindano ya kukinga pepopunda, atajuaje kama sindano ile imefanya kazi?

Ukimeza dawa ya kichwa na kichwa kikaacha kuuma, umejua. Ukitia dawa ya wadudu katika ghala la mtama na wadudu wakafa, umeona kwa macho yako. Chanjo haiko hivyo. Unachomwa sindano, mkono unauma siku moja au mbili, basi. Unarudi shambani. Huoni kitu chochote kilichobadilika.

Lakini kuna kitu kimebadilika. Kimo ndani ya damu yako. Siku hizi wataalamu wanaweza kuchukua tone moja tu la damu, wakalipima, wakajua kama una kinga ya pepopunda au huna. Kazi hiyo imefanywa hapa hapa Tanzania. Iliyoyaonyesha yanatuhusu sisi wa Dodoma na wa bara ya kati, hasa wanaume na watoto wa shule.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe

Jina la ugonjwa huu lina neno pepo ndani yake. Lakini hapa hakuna pepo. Kuna kiini kidogo sana ambacho hakionekani kwa macho. Kiini hicho hukaa katika udongo. Hukaa pia katika samadi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

Sisi ni watu wa jembe na watu wa mifugo. Zizi liko karibu na nyumba. Wakati wa kiangazi upepo huvuma na vumbi la zizi huingia kila mahali. Liko katika nguo, liko katika mpini wa jembe, liko katika nyayo za watoto. Kwa hiyo kiini cha pepopunda hatuwezi kukikimbia. Tunaishi nacho.

Kiini hiki kina tabia kama ya mbegu ya uwele. Mbegu ya uwele hukaa ghalani ikiwa kavu, kama kitu kilichokufa. Ikipata mvua huota. Kiini cha pepopunda nacho hukaa udongoni miaka mingi kama mbegu kavu. Jua halikiui upesi, na hata maji ya moto kidogo hayakiui. Kinangoja mahali pazuri pa kuota. Mahali pazuri kwake ni ndani ya kidonda, hasa kidonda chembamba chenye kina kirefu, kwa sababu kiini hiki hakipendi hewa. Mwiba wa mgunga ukikuchoma na kuvunjikia ndani ya mguu, umekichimbia shimo. Msumari wenye kutu pia. Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Siyo kutu. Ni uchafu ulioingia pamoja na msumari, na lile shimo lisilopata hewa.

Kiini kikiota ndani ya kidonda hutoa sumu. Sumu hii ni kali sana. Chembe yake ndogo mno inatosha kumwua mtu mzima. Hupita katika mishipa ya fahamu, ikaifanya misuli ikaze na isilegee. Mgonjwa huanza kushindwa kufungua kinywa. Shingo inakakamaa. Mgongo unapinda kama upinde. Kelele ndogo tu, au mtu akifungua mlango na mwanga ukaingia, mwili mzima unashtuka na kukaza. Na mgonjwa ana akili zake zote. Anajua yanayompata. Hilo ndilo linalofanya ugonjwa huu uwe wa kutisha.

Kwa mtoto mchanga, njia ya kuingilia ni kitovu. Mtoto huzaliwa vizuri, ananyonya vizuri siku mbili za kwanza. Siku ya tatu au ya saba, au baadaye kidogo, anashindwa kunyonya. Mdomo unakaza. Halafu mwili unaanza kukakamaa. Bibi zetu wanaijua habari hii. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda katika dunia nzima kwa mwaka huo mmoja. Mwaka 2018 idadi hiyo ilikadiriwa kuwa 25,000. Sindano kwa akina mama, na uzazi safi, ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo.

Mambo mawili ya ajabu

Kuna mambo mawili juu ya pepopunda ambayo ni tofauti na magonjwa mengine. Tafadhali yasome polepole, maana ndiyo yanayofanya kipimo cha damu kiwe na maana.

La kwanza: mtu aliyeugua pepopunda na kupona hapati kinga. Mtoto akiugua surua akapona, kwa kawaida haugui tena. Mwili wake umejifunza. Kwa pepopunda sivyo. Sumu inayotosha kuua ni ndogo mno, haitoshi kuufundisha mwili. Mtu anaweza kupona leo, na kuugua tena baadaye kama hakuchanjwa.

La pili: pepopunda haiambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Unaweza kumwuguza mgonjwa, kumlisha, kumwogesha, na hutaugua. Hilo ni jema. Lakini lina upande wa pili. Kwa surua, watoto wengi wa kijiji wakichanjwa, hata yule mmoja ambaye hakuchanjwa huwa na nafuu, maana ugonjwa hauna njia ya kumfikia. Kwa pepopunda nafuu hiyo haipo. Kijiji kizima kinaweza kuwa kimechanjwa, na wewe peke yako ukauguzwa kwa mwiba ulioupata kwenye ua wako mwenyewe. Chanjo ya jirani haikusaidii hata kidogo.

Basi ukiunganisha mambo hayo mawili unapata hivi. Damu ya mtu ikikutwa ina kinga yake mwenyewe ya pepopunda, kinga hiyo haikutoka kwenye ugonjwa. Ilitoka kwenye sindano. Ndiyo maana tunasema damu ni shahidi. Daftari la zahanati linaweza kuandikwa vibaya. Kadi inaweza kuliwa na mchwa. Mama anaweza kusahau ni mtoto yupi alichomwa na yupi hakuchomwa. Damu haina sababu ya kudanganya.

Mgambo wa damu

Sasa kinga hiyo ni kitu gani? Wataalamu huiita kingamwili. Mimi napenda kuifananisha na mgambo.

Vijana wa kijiji wanapofundishwa mgambo, hawafundishwi kwa kupigana na adui wa kweli. Wanafundishwa kwanza kwa mfano, na bunduki za mti. Siku adui wa kweli akija, wanamjua. Chanjo ya pepopunda ni sumu ya pepopunda yenyewe, lakini imeharibiwa nguvu zake, kama nyoka aliyeng'olewa meno. Haiwezi kumdhuru mtu. Lakini mwili unaiona, unaitambua, unaandaa askari wa kuikamata. Askari hao huzunguka katika damu. Siku sumu ya kweli ikitoka katika kidonda, wanaikamata kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu.

Askari hawa waligunduliwa mwaka 1890 katika mji wa Berlin, Ujerumani. Waliofanya kazi hiyo ni Mjerumani Emil von Behring na Mjapani Kitasato Shibasaburo. Waliwapa sungura sumu ya pepopunda kwa kiasi ambacho hakikuwaua, mpaka sungura wakaizoea. Halafu wakachukua damu ya sungura hao na kuwachoma nayo panya. Panya hao walipopewa sumu hawakufa. Panya wengine, ambao hawakupata damu ya sungura, walikufa. Kwa hiyo ikajulikana kwamba kinga iko ndani ya damu, na kwamba inaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja kwenda mwili mwingine.

Neno hilo la kuhamishwa tulikumbuke, tutalirudia tukifika kwa mama mjamzito.

Chanjo yenyewe, ile sumu isiyo na meno, ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon aligundua kwamba sumu ikiwekewa dawa iitwayo fomalini na kuachwa katika joto, inapoteza ukali lakini mwili bado unaitambua. Mpaka leo chanjo ya pepopunda hutengenezwa kwa njia hiyo.

Damu inapimwaje?

Watu wengine wakisikia damu inachukuliwa, wanaogopa. Tutasema juu ya hofu hiyo. Kwanza tuone kazi yenyewe.

Mtaalamu anakuja na sindano ndogo. Anasafisha kidole chako na kukichoma kidogo. Tone la damu linadondoshwa kwenye karatasi nene inayonyonya, kama ile karatasi ya kukaushia wino. Karatasi inaachwa ikauke. Inaandikwa namba. Inafungwa vizuri na kupelekwa maabara. Huko maabara kipande kidogo cha karatasi kinalowekwa, damu inatoka tena katika maji. Mara nyingine damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono, kijiko kimoja hivi, lakini siku hizi tone la kidole linatosha.

Sasa fikiria kibakuli kidogo sana. Ndani yake kimepakwa ile sumu isiyo na meno. Maji yenye damu yako yanamiminwa humo. Kama una askari wa pepopunda, wataikamata sumu ile na kung'ang'ania. Kibakuli kinaoshwa. Vitu vingine vyote vinakwenda na maji, askari wanabaki. Kisha inatiwa dawa ya kuleta rangi. Askari wakiwa wengi, rangi inakolea. Wakiwa wachache, rangi inafifia. Wasipokuwapo, hakuna rangi. Mashine inasoma ukali wa rangi na kutoa namba. Wataalamu wameweka mstari: aliye juu ya mstari anahesabiwa kuwa ana kinga, aliye chini hana kinga ya kutosha.

Kuna njia mpya zaidi. Badala ya vibakuli wanatumia shanga. Usifikiri ni shanga za shingoni. Hizi ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Shanga za aina moja zimepakwa sumu ya pepopunda, za aina nyingine zimepakwa kitu cha ugonjwa mwingine. Kwa hiyo tone moja la damu linaweza kuulizwa maswali mengi kwa wakati mmoja: huyu ana kinga ya pepopunda? Ana alama ya malaria? Amepata kinga ya surua?

Damu ya Watanzania ilisema nini

Watafiti wa Muhimbili walipima damu ya watoto wa Dar es Salaam na Bagamoyo, wenye umri wa mwaka 1 hadi miaka 15. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Mwaka 2002 wakatoa habari nyingine, ya kinga ya wanaume watu wazima wa Dar es Salaam. Baadaye, mwaka 2017, yalitolewa matokeo ya kipimo cha shanga katika nchi tatu: Kenya, Tanzania na Msumbiji.

Kipimo hicho cha nchi tatu kilionyesha kwamba kuna mapengo katika ukuta wa kinga. Mapengo yako wapi? Yako kwa watoto wa miaka 5 hadi 14. Na yako kwa wanaume wa miaka 15 na kuendelea.

Wanaume wenzangu, mmesikia? Ni sisi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki na mama yake. Anapata chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika sindano hiyo kuna kinga ya pepopunda, dondakoo, kifaduro na magonjwa mengine. Kwa hiyo watoto wadogo wana askari wengi. Lakini askari hao hupungua kadiri miaka inavyopita. Mgambo asiyeitwa mazoezini husahau, na wengine huzeeka. Mtoto anapofika darasa la tatu au la nne, anachunga mbuzi pekupeku, anakata kuni, anachezea zizini, na askari wake wamepungua.

Msichana akikua na kupata mimba, anakwenda kliniki na kuchomwa tena. Damu yake inapata askari wapya. Mvulana je? Mvulana hana kliniki ya kumwita. Anakuwa kijana, anaoa, anazeeka. Mwanamume wa kwetu huenda zahanati siku anapobebwa. Huenda sindano yake ya mwisho ya pepopunda aliipata akiwa mgongoni kwa mama yake, na kama alizaliwa kabla ya mpango wa chanjo wa taifa kuanza mwaka 1975, huenda hakuipata kabisa. Na yeye ndiye mwenye shoka, ndiye anayejenga ua wa miiba, ndiye anayechimba kisima.

Kuna jambo la jando pia. Kisu cha jando ni kidonda kama vidonda vingine. Katika miaka ya karibuni Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari kwamba wanaume wachache katika nchi kadhaa za Afrika waliugua pepopunda baada ya kutahiriwa, na likashauri kwamba kinga ya pepopunda iangaliwe kabla ya tohara. Mzazi unayempeleka kijana jandoni, iwe hospitali au porini, uliza kwanza juu ya sindano hiyo. Kisha hakikisha kidonda hakipakwi udongo, majivu wala samadi. Mwaka 2017 Shirika hilo lilishauri watu wote, wa kike na wa kiume, wapate dozi 6: tatu za utoto, halafu moja katika mwaka wa pili wa maisha, moja kati ya miaka 4 na 7, na moja kati ya miaka 9 na 15. Mwulize mhudumu wa zahanati yako ni zipi zinazotolewa hapo kwenu, na kwa nani.

Mama na mtoto tumboni

Turudi kwa lile neno la kuhamisha kinga. Mama mwenye askari katika damu yake huwapitisha askari hao kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Mtoto anazaliwa tayari ana ulinzi. Ni askari wa kuazima, watakaa miezi michache tu, lakini wanatosha kulinda kitovu mpaka kikauke, na mpaka mtoto aanze sindano zake mwenyewe.

Ni kwa kupima damu ndipo ilijulikana ni sindano ngapi zinamtosha mama. Watu hulalamika: kwa nini kila mara tunaambiwa turudi? Sababu ni hii. Baada ya sindano ya kwanza, damu huonyesha askari wachache mno. Sindano moja peke yake haimlindi mama wala mtoto. Ya pili ikitolewa baada ya wiki 4 au zaidi, askari huongezeka sana, lakini hawadumu zaidi ya miaka 3 hivi. Ya tatu, baada ya miezi 6 au zaidi, huleta kinga ya miaka 5. Ya nne, baada ya mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Ya tano, baada ya mwaka mwingine, humlinda mama muda wake wote wa kuzaa. Kwa hiyo mama aliyepata sindano moja akaridhika amejidanganya. Na aliyechomwa nne hana haja ya kuanza upya, mradi ana kadi ya kuonyesha.

Sindano haiondoi haja ya usafi. Wembe wa kukatia kitovu uwe mpya. Kitovu kisipakwe kitu isipokuwa dawa aliyotoa mhudumu. Wamasai wa Kenya na Tanzania walikuwa na desturi ya kupaka kitovu samadi ya ng'ombe. Mwaka 2001 jarida la waganga liitwalo Lancet lilieleza kwamba pale ambapo watu wao walifundishwa kuacha desturi hiyo, vifo vya watoto wachanga vilipungua sana. Hawakuacha kupenda ng'ombe. Waliacha samadi kwenye kitovu tu.

Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Neno kutokomeza lisitupoteze. Maana yake ni kwamba katika kila wilaya, kwa watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika mwaka, hata mmoja hafikiwi na ugonjwa huu. Ndui imefutwa duniani kabisa, nayo chanjo yake imeachwa. Pepopunda haiwezi kufutwa, kwa sababu iko udongoni. Tukiacha sindano, itarudi.

Mumiani na maneno mengine

Sasa juu ya hofu. Wapo wanaosema damu inayochukuliwa inauzwa, au kwamba wapimaji ni mumiani. Maneno ya mumiani ni ya zamani katika Afrika Mashariki, tangu enzi za wakoloni. Ndugu yangu, tone moja lililokauka kwenye karatasi halina bei sokoni. Lakini sikuambii ukubali bila kuuliza. Utafiti wa afya unaofanywa kwa watu lazima uwe na kibali, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, ndiyo inayohusika na vibali hivyo. Wapimaji wakija kijijini, serikali ya kijiji na iulize barua yao. Wewe uliza: mnapima nini? Damu inakwenda wapi? Tutaletewa majibu? Una haki ya kukubali, na una haki ya kukataa. Mpimaji mzuri hachukii maswali.

Wengine wanasema sindano ya pepopunda inazuia kuzaa. Mwaka 2014 jambo hili lilileta ubishi mkubwa huko Kenya, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mimi nasema tazama kijijini kwako. Mama zetu wamechomwa sindano hii kwa miaka mingi, mimba baada ya mimba. Waangalie wanaokwenda kliniki mwaka huu na mtoto wa tatu au wa nne. Hao ndio waliochomwa.

Damu pia husaidia kukagua kazi ya serikali yenyewe. Chanjo ya pepopunda ikiganda barafu kwenye jokofu huharibika. Ukiitazama huwezi kujua mara moja. Mhudumu akiitoa bila kujua, ataandika kwenye kadi kwamba umechomwa, na kweli umechomwa, lakini damu haitapata askari wa kutosha. Watu wengi wa mahali pamoja wakiwa na kadi nzuri na damu tupu, wakubwa wajue kuna tatizo la jokofu au la usafiri. Kwa maoni yangu hii ni faida kubwa ya vipimo hivi, nayo haisemwi sana.

Je, nikapimwe?

Huenda umefikiri: basi kesho niende nikapimwe damu. Hapana. Kipimo hiki si cha kila mtu, na zahanati zetu hazina maabara ya kazi hiyo. Ni kipimo cha kujua hali ya watu wengi kwa pamoja. Kwa mtu mmoja, sindano ni rahisi na ya haraka kuliko kipimo.

Ukiumia, usingoje damu ipimwe wala usingoje kidonda kivimbe. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni. Usikifunike kwa udongo wala majivu. Kama ni mwiba au msumari ulioingia ndani, au umeng'atwa na mnyama, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mhudumu atakuuliza: lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho? Hapo ndipo kadi inapohitajika. Kama ulipata sindano zako zamani, sindano moja ya kukumbusha huwaamsha askari wale kwa siku chache. Kama hukuwahi kuchanjwa na kidonda ni kibaya, huenda ukapelekwa hospitali upewe askari wa kuazima, kama wale panya wa Berlin, pamoja na kuanza sindano zako mwenyewe. Na uzimalize. Wengi huchomwa ile ya kwanza, kidonda kikapona, hawaonekani tena.

Kadi iwekwe mahali pakavu, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na moshi wa jiko. Baba naye awe na yake. Mhudumu akikuchoma sindano na hakuandika popote, mwombe aandike tarehe na jina la chanjo, hata kama ni kwenye daftari la mtoto wa shule. Kadi ikipotea, sema ukweli kwamba imepotea. Utachomwa tena, na kuchomwa mara moja zaidi ni nafuu kuliko kukosa.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kung'atwa na mbwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Wenye maswali watuandikie mapema.